Mavi ya Kale katika Pango la Mama Ercilia

9 Januari

Tumefika. Gari la Nicanor lilikwama mtoni mara mbili, na mara zote mbili nilishuka mimi kusukuma, kwa sababu kibarua ni mimi. Maji ya mto huu yanatoka kwenye theluji. Nimekaa karibu na moto jioni nzima nikingoja miguu irudi kuwa yangu.

Wazo la kuandika ni la binti yangu, Yesenia. "Baba, huko hakuna mtandao. Andika, ukirudi utusomee, maana wewe ukirudi nyumbani hulala tu." Kweli, nikirudi hulala tu. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo atakayesoma anivumilie.

Tangu nivuke mpaka kutoka kwetu, nimeshakata tumbaku Salta, nimechoma matofali Córdoba, nimeng'oa vitunguu saumu Mendoza. Sasa, na nywele hizi nyeupe, nimepanda mpaka Puna ya Catamarca, nyanda za juu zenye baridi, kuchimba mavi. Sitanii. Ndiyo kazi yenyewe.

10 Januari

Pango liko ubavuni mwa mlima, linaitwa Peña Ciega. Mdomo wake ni mpana, malori mawili yanaweza kuingia sambamba. Sakafu yote ni mavi. Ya juu ni ya lama, mifugo yenye sufu na shingo ndefu, wa Mama Ercilia mwenye pango, chini yake ya lama wa mama yake na bibi yake, na chini kabisa, anasema Daktari, ni ya wanyama waliokwisha duniani kabla mtu yeyote hajafika hapa. Mvua haiingii ndani, na kisichopata maji hakiozi. Mengine yamekuwa jiwe kabisa. Mengine ni makavu tu, mepesi kama mkate wa juzi.

Daktari Marisa anatoka Mar del Plata, kando ya bahari, na hatibu watu. Nicanor, dereva wetu, alinionya njiani. "Ukiumwa tumbo usimwendee huyu, mzee. Yeye anashughulika na matumbo ya waliokwishakufa." Anatafuta mayai ya minyoo ndani ya mavi hayo ya kale, ajue wanyama wale walikuwa wakiumwa nini. Nilisema moyoni kwamba watu wenye mishahara hawakosi la kufanya.

Mwenye pango ni Mama Ercilia Soriano, mjane. Nyumba yake ya mawe iko chini kidogo ya pango, na ndiye anayetupikia. Aliponipa bakuli alinitazama viatu.

"Wewe Mbolivia?"

"Ndiyo, Mama. Wa Lípez."

"Basi hutaniongezea kazi. Nyie mmezoea kula kidogo."

Nicanor alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikula. Bakuli langu halikuwa na nyama.

11 Januari

Kabla ya kufungua ardhi, Mama Ercilia aliomba ruhusa kwa Pachamama, mama ardhi. Alichimba kishimo, akatia majani ya koka, akawasha sigara akaisimamisha pembeni, akamwaga pombe. Kwetu Lípez ni vilevile. Mwenye pahali ndiye anayeomba. Mgeni hawezi kuomba badala yake, kama ambavyo mgeni hawezi kukaribisha watu kwenye nyumba ya mwenziwe.

Daktari naye alipewa chupa amwage. Alimwaga akizungusha kila upande.

"Binti, hatumwagilii mboga hapa," Mama Ercilia akamwambia.

Baada ya hapo tukachimba.

14 Januari

Vumbi. Nikipenga kamasi inatoka nyeusi.

17 Januari

Daktari amegawa sakafu ya pango kwa nyuzi, miraba miraba kama daftari la hesabu. Amemwambia Mama Ercilia kwamba lama hawaruhusiwi kuingia ndani mpaka tumalize.

"Na wanaozaa?"

"Si kuna zizi nje, Mama?"

"Zizi halina paa."

"Ni kwa msimu huu tu." Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba mwezi wa tatu atakuja mkaguzi wa mkoa kuamua kama pango lizungushiwe waya kwa siku zote.

Mama Ercilia alikuwa anamenya viazi. Hakuacha. "Nimekupa neno langu kwa msimu huu," alisema. "Hayo mengine aje aniambie mwenyewe."

Niandike wazi, ili Yesenia aelewe. Lama huzaa wakati huu wa mvua, na huzaa asubuhi. Mtoto akikauka kabla ya mvua ya mchana, anaishi. Akinyeshewa akiwa bado mbichi, amekwenda. Pango ndilo paa lao. Likifungwa lote, mama huyu atabaki na ukuta wa mawe na mbingu, na baada ya miaka michache hatakuwa na lama hata mmoja. Na huku juu, mtu asiye na mifugo hushuka mjini kufagia nyumba za watu.

Nilimhurumia, lakini si sana. Leo pia sikupewa nyama.

22 Januari

Tumechimba. Tumechekecha. Tumelala.

26 Januari

Leo nimekuta kitu. Nilikuwa kwenye shimo la nyuma nikafikia tabaka la rangi nyingine, na ndani yake madonge makubwa, kila moja kama mkate wa familia nzima. Nilimwita Daktari. Alipiga magoti akaweka mkono mdomoni.

Anasema ni ya mnyama mzito kuliko gari la Nicanor, mwenye kucha ndefu, aliyekuwa akila majani na kulala humu pangoni. Ametoweka miaka elfu kumi na tatu iliyopita. Madume kwa majike, wakubwa kwa wadogo, wamekwisha wote. Mavi yamebaki.

Alimega kipande cha donge moja, akakiloweka, akakichuja, akakiweka chini ya hadubini inayotumia betri. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita mimi.

"Mzee Celedonio, njoo. Usipumue juu yake."

Nikaona kitu kama ndimu ndogo ya rangi ya chai, yenye kizibo kila upande.

"Ni nini, Daktari?"

"Yai la mnyoo. Unaona? Halijapasuka. Limekaa muda wote huo."

Nilikumbuka Yesenia alipokuwa mdogo, tumbo limemvimba kama ngoma, tukampeleka kwa nesi akapewa vidonge. Nesi alituonyesha picha ukutani. Picha ya minyoo ya mjeledi na mayai yake ilikuwa hivi hivi. Nikawaza, mnyama mkubwa namna ile, na kucha zake zote, kumbe alikuwa anajikunja usiku kwa maumivu ya tumbo kama mtoto wa shule.

Sikumwambia Daktari hayo. Ila tangu leo simcheki tena.

30 Januari

Mvua.

2 Februari

Mvua. Mto umejaa. Nicanor yuko ng'ambo, alipiga honi akapunga mkono, akageuza gari akarudi kijijini.

4 Februari

Mvua tena. Hema langu linavuja kutokea chini, sijui linawezaje. Mtungi wa gesi umekwisha. Mama Ercilia anapikia vichaka vya tola, lakini vimelowa, na jikoni hakukaliki kwa moshi. Gunia lake la mavi ya lama, ambalo ndilo huwasha moto wa kila nyumba huku, nalo limelowa. Tunakula baridi. Daktari anakohoa kama mvutaji.

7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni Daktari aliona maji yanatiririka kwenye hema lake la kazi, akaingiwa na hofu kwa ajili ya yale madonge. Aliyatia kwenye sanduku la mbao, akalibeba mwenyewe mpaka jikoni kwa Mama Ercilia, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee isiyovuja. Akaliweka ukutani karibu na jiko, pakavu. Mama alikuwa zizini. Daktari akaenda kulala, homa imemshika, hakumwambia mtu.

Sasa, yeyote aliyezaliwa Puna, au kwetu Lípez, atanielewa. Huku hakuna miti. Mtu akikuwekea mavi makavu karibu na jiko lako, maana yake ni moja tu.

Leo mchana tuliingia kula tukakuta moto kama wa sherehe. Jikoni hamna moshi. Mama Ercilia amepika kalapurca, mahindi na nyama kavu, na mawe ya moto yanatokota ndani ya supu. Mimi pia nilipewa nyama. Daktari alikula bakuli zima, rangi ikamrudia mashavuni, akaomba la pili.

"Mama, leo moto wako ni mtamu."

"Ahsante yako, binti. Mavi mazuri hayo uliyoniletea. Yanawaka taratibu, wala hayatoi moshi."

Kijiko cha Daktari kilisimama. "Yapi?"

"Ya kwenye sanduku. Nikasema, aa, kumbe msichana huyu ana macho, ameona kuni zangu zimelowa."

Daktari hakupiga kelele mwanzoni. Aliinuka, akafungua mlango wa jiko, akaingiza mkono. Mkono mtupu, ndani ya moto. Nilimvuta kwa kiuno. Alikuwa ameshika kaa, na kaa likamvunjikia vidoleni likawa majivu. Hapo ndipo alipopiga kelele.

"Miaka elfu kumi na tatu! Mama, miaka elfu kumi na tatu!"

"Ndiyo maana yalikauka vizuri," alisema Mama Ercilia. Hakuwa anamtania. Alikuwa anajaribu kuelewa.

"Umeyachoma yote?"

"Supu haiivi kwa donge moja, binti."

Daktari alisema maneno mengi. Alisema watu wa huku hawastahili kukaa juu ya vitu wasivyovijua thamani. Alisema kipande kilichobaki chini ya hadubini ni kimoja tu, na kwa kipande kimoja hakuna atakayemwamini. Mwisho akasema, "Mkaguzi akija nitamweleza yote. Nitaomba pango lifungwe lote. Mpaka mdomoni."

Mama Ercilia alichukua mafuta ya lama akataka kumpaka vidole. Daktari akavuta mkono akatoka kwenye mvua.

Mama alibaki na kopo la mafuta mkononi. "Mbolivia," aliniambia, "wewe ungeona sanduku lile hapo, ungefanya nini?"

"Ningewasha moto, Mama."

"Basi kula. Itapoa."

Nilikula.

8 Februari

Kila mtu anakula kivyake. Mvua.

10 Februari

Daktari amekaa siku tatu kwenye shimo la nyuma akichekecha alichokwisha kuchekecha. Hakuna donge jingine. Vidole vimefungwa kitambaa. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mzee, unajua kinachoniuma zaidi? Ile supu ilikuwa nzuri."

12 Februari

Asubuhi kulikuwa na jua, na lama watatu walizaa zizini, karibu wakati mmoja. Mama Ercilia alifurahi mpaka akaimba. Watoto walisimama kwa miguu ile inayocheza, wakaanza kunyonya. Nikasema, afadhali, leo hakuna mvua.

Haikuja mvua. Yalikuja mawe. Mbingu iligeuka rangi ya risasi na mvua ya mawe ikashuka bila hata kutuonya kwa ngurumo. Nilikimbia zizini. Mama Ercilia alikuwa ameshavua poncho yake kumfunika mmoja, na yeye mwenyewe anapigwa mgongoni. Mimi nilimlalia wa pili. Wa tatu hakuwa na mtu.

"Mama, tuwaingize pangoni!"

"Hapana."

"Mama, wanakufa!"

"Nilimpa neno!" alipiga kelele juu ya kishindo cha mawe. "Msimu huu hawaingii! Nilimpa neno!"

Pango lilikuwa pale pale juu yetu, kavu, na nyuzi zake. Mwanamke aliyetukanwa jikoni kwake mwenyewe, anatunza neno alilompa aliyemtukana. Nilikuwa na hasira naye na nilitaka kumbusu mkono, vyote kwa pamoja.

Daktari alitoka mbio na turubai, mkono wake mmoja wenye kitambaa. Akamfunika yule wa tatu, lakini alikuwa ameshaanguka. Wa kwangu naye alipumua kidogo chini ya kifua changu, akaacha. Nilihisi alipoacha. Aliishi mmoja tu, wa Mama.

Mawe yalipokoma, ardhi ilikuwa nyeupe yote. Mama Ercilia alikaa juu ya ndoo akaanza kuwachuna wale wawili, kwa sababu ngozi haipaswi kuharibika. Mama zao walisimama karibu wakitoa ule mlio wa puani. Daktari alisimama hapo hapo, maji yanamtiririka.

"Kwa nini hukuwaingiza ndani?"

"Ulisema wasiingie."

Akaendelea kuchuna. Mimi nilienda nyuma ya ukuta nikalia, na sioni aibu kuandika.

13 Februari

Nimeamka nikamkuta Daktari pangoni anang'oa nyuzi. Miraba yote ya mbele, ambayo aliipima mwenyewe kwa magoti, anaikunja kwenye kiganja. "Nisaidie vigingi, mzee." Alipomaliza alishuka mpaka zizini akafungua lango yeye mwenyewe. Lama hawakumjua, hawakutoka. Ilibidi Mama Ercilia awapigie mluzi.

Walipita mbele yetu wakaingia, wakalala kwenye mavumbi yao ya siku zote.

Mama Ercilia alimshika Daktari mkono ulioungua, akafungua kitambaa, akaupaka mafuta. Safari hii hakuvuta.

"Daktari wa mavi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kaza kidogo uso. Itauma."

17 Februari

Karnivali. Tumewavalisha lama maua ya sufu masikioni, mekundu na ya kijani. Nicanor amefanikiwa kuvuka na pombe ya mahindi. Mama Ercilia amemfunga Daktari ua jekundu kwenye msuko wake, akatangaza kwamba huyu sasa ni wa zizi lake, akipotea arudishwe. Nimecheza. Magoti yananidai.

23 Februari

Tumechimba nyuma. Hakuna kitu. Mvua kidogo.

3 Machi

Mkaguzi amekuja, na nguzo za chuma na marobota ya waya kwenye gari. Mtu wa makamo, viatu safi, midomo tayari imeshakuwa ya bluu kwa huu mwinuko. Kitu cha kwanza alichokiona ni lama ndani ya pango.

"Nani kaingiza mifugo mahali pa kazi?"

"Mimi," Daktari akasema.

"Wewe? Si ndiwe uliyeandika waondolewe?"

"Ndimi."

Akauliza liliko sanduku la madonge ya mnyama mkubwa, ambalo Daktari alikuwa ameshampa habari zake kwa redio kabla ya mto kujaa. Mimi na Daktari tulikuwa tumekubaliana kusema maji yaliingia. Lakini Mama Ercilia hakuwemo kwenye makubaliano yetu.

"Nililichoma," alisema. "Kwa chakula cha mchana."

Mkaguzi akageuka kwa Daktari kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha.

"Ni mimi niliyeliweka karibu na jiko lake bila kumwambia," Daktari akasema. "Ungeweka unga mezani kwa mwokaji, ungeshangaa ukikuta mkate?"

"Daktari, hili ni jambo zito."

"Najua uzito wake kuliko wewe. Ni mimi niliyepoteza."

Mkaguzi hakumsikiliza. Alisema pango lote lifungwe leo hii, mpaka mdomoni. Akanigeukia. "Wewe, chukua sululu. Shimo la kwanza hapa."

Nilichukua sululu. Nilisimama mahali aliponionyesha. Nikamtazama Mama Ercilia, naye alikuwa ameingiza mikono ndani ya shali, hakutoa koka, hakutoa chupa.

Nikaiweka sululu chini.

"Siwezi, bwana. Mwenye pahali hajaomba."

"Hajaomba nini?"

"Ruhusa. Ardhi haijaulizwa."

"Wewe si raia wa hapa. Una kibali cha kufanya kazi nchini?"

"Cha nchi ninacho, bwana. Cha hapa ndicho sina."

Sikuwa jasiri. Mshahara wa msimu mzima ulikuwa mikononi mwa watu kama yeye. Lakini nimewaona wenzangu wawili waliochimba bila kuomba, mmoja alizikwa na udongo aliouchimba. Na nilikuwa nimemlalia yule mtoto wa lama.

Akamwita Nicanor. Nicanor akasema yeye ni dereva, mkono wake wa sululu ulivunjika utotoni. Ni uongo, jana alinyanyua kondoo mzima.

Basi Mkaguzi akavua koti akachimba mwenyewe. Alipiga mara chache. Huku juu hata kufunga kamba ya kiatu ni kazi kwa mgeni. Akasimama, akashika kichwa, akatapika juu ya viatu vyake, akakaa.

Kicheko kilinijia, kisha nikaona uso wake, kijivu kama jivu, nikaacha. Mama Ercilia alikuwa ameshamfikia. "Mshike huko, Mbolivia. Nicanor, maji ya moto, kimbia, mkono wako mzima huo."

4 Machi

Mkaguzi amelala kitandani kwa Mama Ercilia, na Mama amelala jikoni. Anampa chai ya koka na ya rica-rica, majani ya dawa ya huku, anamkanya kama mtoto. "Usinyanyue kichwa. Nimesema usinyanyue." Leo adhuhuri alikuwa na nafuu. Daktari akaketi kwenye kiti miguuni pake, akamwita Mama.

"Mama Ercilia, kama waya ungekuwa lazima, wewe ungeuweka wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliona inavyomshtua. Alifuta mikono, akatupeleka pangoni, Mkaguzi akabaki anatusikiliza kwa mbali kupitia dirisha. Mama alitembea ndani mpaka akapita miraba ya zamani ya Daktari, akasimama.

"Hapa. Nyuma ya hapa wanyama wangu hawalali hata ukiwasukuma. Mama yangu alikuwa anasema panawanukia puma. Mimi sisikii kitu, wao wanasikia. Chukueni. Mbele ya hapa ni kwangu."

Najua Daktari alitamani zaidi ya hapo. Kule mbele kuna tabaka ambalo hajaligusa. Alitazama lama mmoja aliyekuwa anacheua karibu na mguu wake.

"Hapa panatosha," alisema.

Mkaguzi alitia sahihi akiwa amelala chali, kalamu ikawa inamgomea, Mama akamshikilia karatasi. Mbele ni pa Mama Ercilia na mifugo yake, siku zote. Nyuma ni pa kuchimba. 

5 Machi

Mkaguzi ameondoka asubuhi hii. Alimpa Mama mkono, akasema hajawahi kulazwa vizuri namna ile hata hospitalini.

"Rudi ukiwa mzima," Mama akamjibu, "nikupe chakula cha watu."

6 Machi

Mama Ercilia ameomba. Koka, sigara, pombe. Daktari amemwaga kidogo kidogo, sawasawa. Nikaanza mashimo ya nguzo, kwenye mstari ule ule wa Mama.

Shimo la tatu, sululu ilizama kwenye kitu laini. Niliijua sauti. Nikaendelea kwa mkono. Donge, kama mkate wa familia nzima, na chini yake jingine linaelekea mbele, upande wa lama.

Tulilitazama wote watatu. Nicanor alikuwa nje anapakia. Hakuna aliyehitaji kueleza. Haya ndiyo Daktari aliyoyapoteza, na yako mbele. Akiita kijijini kwa redio, Mkaguzi atageuza gari, mstari utasogezwa, na Mama Ercilia atarudi kwenye zizi lisilo na paa.

Mama alikuwa bado na chupa mkononi. Hakumwomba. Alisema tu, "Ni yale yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

Daktari alichuchumaa kwenye shimo. Lama mmoja alikuja akanusa nywele zake. Kisha Daktari akaingiza mikono miwili, akalitoa lile donge la juu kama unavyomtoa mtoto kwenye beseni, akalifunga kwenye karatasi.

"Hili limetoka kwenye shimo la nguzo, na nitaandika hivyo, kwenye mstari. Hayo mengine yamekaa chini ya mifugo muda wote. Yakae." Akanitazama. "Rudishia udongo upande ule, mzee. Nguzo isimame hapa hapa."

Nikarudishia. Nimechimba ardhi za watu maisha yangu yote, na sijawahi kufukia kitu kwa uangalifu namna ile.

9 Machi

Kesho Nicanor ananishusha. Waya umebaki upande mmoja tu kukazwa.

Daktari amefanya kazi tangu alfajiri kwenye meza ya jikoni, mbali na jiko. Mama Ercilia mwenyewe ameihamishia meza kule. Amemega, ameloweka, amechuja. Karibu na saa sita alinyanyua kichwa, macho yamejaa maji. "Yapo," alisema. "Yapo mengi."

Mimi nilitazama kwanza. Zile ndimu ndogo za rangi ya chai, nyingi, zimelala pamoja. Kisha Daktari akasogeza kiti.

"Njoo, Mama. Ni ya pangoni kwako."

Mama Ercilia alikataa, akasema macho yake ni ya kutazamia mbali. Halafu akaja. Aliondoa kofia, akainama, akafumba jicho moja. Daktari akamweleza: haya ni mayai ya minyoo, yalikuwa tumboni mwa yule mkubwa, yalimdhoofisha, yalimuuma. Mama alikaa ameinama kwa muda. Yeye huwapa lama wake dawa ya minyoo kila mwaka, mmoja mmoja, kwa mkono wake, na wanamtemea mate usoni.

"Na aliugua hivi bila kupewa kitu?"

"Nani wa kumpa, Mama? Watu walikuwa hawajafika."

Mama Ercilia alinyanyuka, akavaa kofia yake.

"Maskini," alisema. "Hakuwa na mwenyewe."

Kisha akaniuliza nitakula sasa au nikimaliza waya. Nikasema nikimaliza, nikatoka kwenda kuukaza.